Pointi za Fusae

Jumamosi saa nne asubuhi Fusae alikuwa ameshavaa kiatu kimoja pale mlangoni, mkoba begani na bahasha ya fedha ndani ya mkoba, mumewe alipochungulia kutoka jikoni akamwuliza anakwenda wapi.

"Hoshimaru. Kununua kompyuta ya mtoto. Ushasahau?"

"Leo?" Shigeo akageuka kutazama kalenda ya ukutani. "Leo huendi popote. Hebu soma hapa."

Chini ya tarehe, kwa maandishi madogo, kalenda ilisema butsumetsu, siku ya mkosi. Jumapili iliandikwa taian, siku ya heri, ile watu wanayoisubiri kufunga ndoa na kuhamia nyumba mpya.

"Baba Chinatsu, hii ni kompyuta. Si harusi."

"Ni kazi ya mwanangu. Mimi nilipanda ngazi siku kama ya leo. Unakumbuka nilishukaje?"

Fusae alikumbuka. Shigeo ni fundi wa kufunga mabango ya maduka, na siku hiyo alishuka na bango juu yake. Mpaka leo vidole vya mkono wa kushoto havikunjiki vizuri.

"Mtoto amekaa ndani miaka miwili," Shigeo akaendelea. "Leo kazi imemfuata mwenyewe hadi chumbani, halafu sisi tukamnunulie chombo cha kazi siku ya mkosi? Kesho tutakwenda wote wawili."

"Na wewe ndiye unayezicheka pointi zangu, eti uchawi!"

"Pointi ni uchawi wa wenye duka. Hii ni kalenda."

Fusae akacheka bila kutaka. Akapiga hesabu kichwani: kazi inaanza Jumatatu saa tatu asubuhi, na Jumapili duka liko wazi mpaka usiku. Muda upo. Kwanza, kusema kweli, na yeye hakupenda kujaribu siku ya mkosi, ingawa asingelikiri hilo mbele ya mumewe hata kwa kulipwa. Akavua kiatu. Hapo ndipo walipoharibu, wote wawili, na mimi simtetei hata mmoja.

Alipopita kwenye korido, sauti ya binti yake ikatoka nyuma ya mlango uliofungwa.

"Mama, mmenunua?"

"Kesho, mwanangu. Baba yako anasema kesho ndiyo siku nzuri."

"Mama, ni Jumatatu saa tatu."

"Najua."

"Wakikuta kompyuta haina uwezo, wanamchukua mtu wa pili. Wameandika hivyo hivyo kwenye barua."

"Najua, Chinatsu. Tutaipata."

Chinatsu ana miaka ishirini na minne. Tangu alipotoka kwenye ile ofisi ambako mkuu wake alikuwa akimfokea mbele ya watu kila asubuhi, hajavuka kizingiti cha nyumba. Anaoga watu wakilala, anakula peke yake. Kampuni moja ya Nagoya inayochora ramani za mabomba ya majengo ilimfanyisha mtihani kwa barua, akaupita, ikakubali afanye kazi akiwa nyumbani. Lakini kompyuta awe nayo mwenyewe, tena yenye nguvu, na ile ya zamani ilikufa mwezi wa tatu. Jumatatu wangempigia na kumfungulia mchoro wa majaribio. Kwa miaka miwili hicho kilikuwa kitu cha kwanza kumfanya aulize kesho ni siku gani.

*

Kuhusu pointi, ugomvi wa nyumba hiyo ulikuwa na miaka sita. Hoshimaru ni lile duka la orofa saba mbele ya stesheni, linalouza kila chenye waya, na siku hizi hata dawa ya meno. Ukiwa na kadi yao, kila yeni mia unayotumia wanakuandikia pointi kumi, na kila pointi ni yeni moja ya kununulia kitu kingine kwao. Fusae, anayelipwa kwa saa katika jiko la kupakia vyakula vya visanduku, alinunua kwao friji, mashine ya kufulia, kiyoyozi na jiko la wali. Hakutumia pointi hata moja. Alipofika daraja la dhahabu waliitikia kadi yake kwa kuinama zaidi kidogo, na yeye akaupenda mwinamo huo.

Sisi watu wa Osaka kuomba bei si aibu. Aibu ni kulipa ile iliyoandikwa. Siku ya kununua friji Shigeo alifungua mdomo aseme, Fusae akamkanyaga mguu.

"Usinifedheheshe hapa. Tunapewa pointi, unataka nini tena?"

"Pointi ni hela yako wanakurudishia kwa masharti," Shigeo alimwambia njiani. "Umeipata kwao, ukaitumie kwao. Hiyo si zawadi, hiyo ni kamba."

"Na wewe uombaji wako umetuletea nini? Soksi!"

"Soksi pea nne kwa bei ya tatu. Na nilizivaa."

Basi Fusae akazilinda. Zilipofika elfu hamsini na nane na mia tatu, baada ya kiyoyozi, akasema hizi ni za Chinatsu. Mwaka mzima uliofuata hakununua Hoshimaru hata kitambaa cha kufutia kioo, ili kila yeni iingie kwenye bahasha. Ilipofika Aprili, bahasha ilikuwa na yeni elfu themanini. Kompyuta waliyoitaka ilikuwa elfu mia moja thelathini na nane. Pointi na bahasha zikiunganishwa, wangebaki na chenji ya chai.

*

Jumapili, siku ya heri, orofa ya tatu ilijaa watu. Kijana wa mauzo, Nishiwaki, alilibeba lile boksi jipya kwa mikono miwili, akaliweka juu ya kaunta, akaipokea kadi ya dhahabu. Akaipitisha kwenye mashine. Akaipitisha tena.

"Samahani, mama. Una kadi nyingine?"

"Hiyo hiyo. Kuna nini?"

"Inasoma sifuri."

"Ipitishe vizuri."

"Nimeipitisha mara tatu, mama."

Fusae akafungua mkoba. Alikuwa na risiti ya kiyoyozi, ameikunja mara nne ndani ya kijaluba cha plastiki. Akaikunjua juu ya kaunta. "Soma hapa chini. Elfu hamsini na nane na mia tatu. Mimi sisemi uongo, kijana."

Nishiwaki hakusoma chini. Alisoma juu, penye tarehe, na masikio yake yakawa mekundu.

"Mama, pointi zinakaa mwaka mmoja tangu kadi ilipotumika mara ya mwisho. Hii ni ya tarehe kumi na mbili Aprili, mwaka jana."

"Sasa?"

"Leo ni kumi na tatu."

Fusae akamtazama kijana, akaitazama risiti, akamtazama tena kijana. "Zimeondoka lini?"

"Jana, mama. Duka lilipofungwa."

"Mimi napita mlangoni hapa kila siku. Kila siku nikienda kazini, nikirudi!"

"Hata ungenunua betri moja tu," Nishiwaki akasema, na kwa kweli alidhani anamfariji, "zingepata mwaka mwingine."

Fusae aligeuka polepole kumtazama mumewe, aliyekuwa ghafla amevutiwa sana na tangazo la printa.

"Siku ya heri, eti?"

"Mama Chinatsu, tutaongea nyumbani."

"Nilikuwa nimeshavaa kiatu! Jana saa nne nilikuwa nimevaa kiatu mimi!"

"Ungeniambia zinakufa, ningekuachia uende. Mwenye kadi ni nani, mimi? Miaka sita unanihubiria hizo pointi, hukusoma hata nyuma ya kadi?"

"Jamani," mwanamke mmoja akasema kutoka kwenye foleni, "sisi wengine tuna watoto nyumbani."

Akaletwa mkubwa wa orofa, Bwana Onodera, mtu mnene mwenye sauti ya taratibu. Akainama sana. Akasema anasikitika kutoka moyoni, lakini mashine ikishafuta haina mkono wa kurudisha, hata angekuwa nani. Fusae akamwomba. Akamwambia ni siku moja tu, si hata siku, ni saa chache. Onodera akainama tena, chini zaidi, na Fusae akaona kwamba mtu huyu ataendelea kuinama mpaka wao wachoke. Kisha akatoa karatasi yenye rangi.

"Lakini mkijiunga leo na kadi yetu ya mkopo, tunawaandikia pointi elfu tano za kuwakaribisha. Mtazitumia mwezi ujao."

"Kadi imetuua," Shigeo akasema, "na dawa yake unatuletea kadi?"

Mtu mmoja kwenye foleni akacheka. Fusae alitamani sakafu ifunguke. Fedha ilikuwa mkononi mwake, elfu themanini taslimu, na boksi lilikuwa mbele yake, na Jumatatu ilikuwa kesho.

Shigeo akaisogeza kadi ya dhahabu pembeni kwa kidole.

"Bwana Onodera, tuongee kama watu wa hapa. Taslimu, bila kadi, bila pointi, bila kuinama. Bei ya mwisho ngapi?"

Onodera akachukua kikokotoo bila hata kusita. "Bila pointi, mzee, mia moja ishirini na nne elfu."

"Subiri," Fusae akasema. "Subiri kwanza. Umeshusha elfu kumi na nne hivi hivi tu?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa hiyo asiye na kadi analipa kidogo kuliko mimi?"

"Akiuliza, mama."

Akiuliza. Friji, mashine ya kufulia, kiyoyozi, jiko la wali. Fusae akaona vyote vikimpita mbele ya macho, kimoja baada ya kingine, na mguu wake juu ya mguu wa mumewe. Zile pointi alizozilinda kama mayai zilikuwa ndani ya bei tangu siku ya kwanza. Alikuwa ameziweka yeye mwenyewe. Uchungu ulimpanda, akauma mdomo asije akalia mbele ya kijana yule.

Lakini mia moja ishirini na nne nayo haikuwa themanini. Shigeo akaonyesha kwa kidevu ile iliyokuwa juu ya meza ya maonyesho, imefungwa kwa mnyororo, watoto wakiibonyezabonyeza.

"Ile pale. Si ndiyo hii hii?"

"Ndiyo hii, mzee. Ile ni tisini na nane. Haina boksi, na ina mikwaruzo."

"Tuna themanini."

"Mzee, elfu kumi na nane ni nyingi sana."

"Najua ni nyingi." Shigeo akaweka mikono yote miwili juu ya kaunta, ule mzima na ule mbovu. Fusae akajua anachotaka kusema kabla hajakisema, akamshika mkono wa shati, lakini alikuwa amechelewa. "Nina binti. Hajatoka nje ya nyumba miaka miwili. Hata mlangoni hafiki. Kesho saa tatu anaanza kazi, na bila hii hana kazi. Sina kingine cha kukuambia."

Alisema kwa sauti ya kawaida, na foleni nzima ilisikia. Miaka miwili majirani walikuwa wakiambiwa Chinatsu yuko Tokyo. Shangazi zake waliambiwa hivyo, wenzake Fusae jikoni waliambiwa hivyo. Yule mwanamke wa foleni akainamisha macho, na hilo lilimchoma Fusae kuliko kama angetukana.

Onodera akamwambia Nishiwaki alete ufunguo wa mnyororo.

"Elfu themanini. Hakuna kurudisha, hakuna malalamiko. Na pointi hamna."

"Pointi mezeni wenyewe," Shigeo akasema, akainama mpaka paji la uso likagusa kaunta.

*

Saa kumi jioni waliiwasha juu ya meza ya chakula. Ikawaka vizuri. Ikapiga muziki. Familia moja nzuri ikatokea kwenye kioo ikicheka meno nje, na maandishi makubwa yakasema: Karibu Hoshimaru! Wanachama wetu hupata zaidi!

"Izime, iwashe tena," Shigeo akasema.

Wakaizima, wakaiwasha. Familia ikacheka. Walipobonyeza kuondoa tangazo lile la meza ya maonyesho, kompyuta ikaomba neno la siri la mfanyakazi wa duka.

Fusae akapiga simu. Sauti iliyorekodiwa ikamwomba aingize namba ya kadi yake ya uanachama. Akaiingiza, anaijua kwa kichwa. Sauti ikamshukuru kwa kuwa mteja wa dhahabu na kumwomba asubiri. Alisubiri nusu saa kwa saa ya ukutani, muziki ukimpigia sikioni, kisha simu ikakatika yenyewe.

"Inabidi irudishwe," akasema. "Nenda, Baba Chinatsu. Wewe ndiye uliyezungumza nao."

"Siendi." Shigeo alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani. "Nimewapa kila nilichokuwa nacho pale. Siwezi kusimama tena mbele ya yule mtu. Amesema hakuna malalamiko."

"Basi naenda mimi."

"Utawaambia nini? Utajua kama wameifungua nusu tu? Unajua hiyo programu ya ramani itaingia au haitaingia? Utarudi hapa saa mbili, mtoto aiwashe, imkatae. Halafu?"

"Halafu nini? Nani alisema leo ndiyo siku ya heri? Nani?"

"Ndiyo, mimi! Mimi! Nipige basi!"

Mlango wa korido ukafunguka. Chinatsu alisimama pale, amevaa suruali ya kulalia na sweta la baba yake, uso mweupe, nywele zimefika kiunoni. Mara ya mwisho kumwona mchana walikuwa hawakumbuki.

"Baba. Umewaambia watu wa dukani kuhusu mimi?"

Shigeo akataka kudanganya, akashindwa. "Nimewaambia."

"Watu walikuwepo?"

"Walikuwepo."

"Wakapunguza ngapi?"

"Elfu kumi na nane."

"Elfu kumi na nane," Chinatsu akarudia. Fusae alijua sasa mlango utafungwa, na safari hii hautafunguka tena. Kwenye meza, ile familia ikaanza kucheka upya. Chinatsu akaitazama mpaka tangazo likaisha.

"Nyinyi hamtajua kama wameifungua sawasawa," akasema. "Inatakiwa niijaribu pale pale, kabla sijatoka dukani." Akaifunga kompyuta, akaizungushia taulo la jikoni. "Duka linafungwa saa ngapi?"

"Saa tatu usiku," Fusae akasema kwa shida. "Subiri nivae, twende wote."

"Usije, mama."

"Mpaka stesheni tu."

"Mama, ukija nitarudi. Najijua."

Viatu vyake vilikuwa vimesukumwa nyuma kabisa ya kabati, akashindwa kuvifikia, akavaa ndala za mama yake. Alisimama mbele ya mlango muda mrefu, mkono kwenye kitasa. Kisha mlango ukafunguka, ukajifunga, na ndala zikasikika zikishuka ngazi, polepole, zikisimama kila orofa.

Shigeo akaruka kuchukua koti. Fusae akamdaka mkono wa shati na kumvuta hadi roshani. Kutoka pale, orofa ya nne, barabara yote ilionekana mpaka kwenye kivuko cha taa, na ng'ambo yake bango la Hoshimaru. Jua lilikuwa bado halijazama. Watu walikuwa wengi, wanarudi na mifuko yao.

Chinatsu alifika kwenye kivuko akasimama. Taa ikawa ya kijani. Watu wakavuka, yeye hakuvuka. Taa ikawa nyekundu, magari yakapita. Ikawa ya kijani tena. Mtu mmoja akamgusa begani kwa bahati mbaya, Chinatsu akarudi nyuma hatua mbili mpaka ukutani.

"Namfuata," Shigeo akasema.

"Kaa hapa!"

"Ataanguka yule, Mama Chinatsu. Mwangalie miguu."

"Kaa hapa nimekwambia." Fusae alikuwa amemshika kwa mikono miwili, na mwenyewe alikuwa haangalii tena. Alikuwa amefumba macho na kuinamisha uso kwenye bega la mumewe. "Niambie tu. Taa vipi?"

"Nyekundu."

"Yuko wapi?"

"Ukutani. Ameikumbatia kompyuta. Kijani. Watu wanavuka."

"Na yeye?"

Bega la Shigeo likaanza kutikisika, na Fusae hakuthubutu kufumbua macho ajue ni kwa nini.

"Baba Chinatsu, na yeye?"

"Anavuka," Shigeo akasema. "Yuko katikati. Anavuka."